Tununue mfumo au tujitengenezee? Tusianze na bei

fundi_seva (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam,

Kuna SACCOS ya walimu huku mkoani wameniomba niwashauri. Hesabu zao bado ziko kwenye Excel na madaftari, wanachama wanaongezeka, na bodi imegawanyika. Upande mmoja unataka kununua mfumo uliokwisha kutengenezwa, walipe ada ya mwezi, maisha yaendelee. Upande wa pili una mjumbe ambaye kijana wake kamaliza chuo juzi, anasema dogo anaweza kuandika mfumo mzima kwa miezi mitatu na "utakuwa mali yetu milele". Mvutano huu si mgeni kwangu. Nimeukuta kwenye maduka ya jumla, shule, zahanati, hata kampuni zenye maghorofa ya vioo. Leo nimeona niandike ninavyouona. Ni mrefu, mwenye haraka aruke.

Watu wengi wanaanza na bei. Mimi huanza kwa kuuliza: mambo yakibadilika, nani ataubadilisha huu mfumo, na itamchukua muda gani? Yatabadilika tu, hilo halina mjadala. TRA watagusa masharti ya risiti. Viwango vya makato vitapanda au kushuka. SACCOS zenyewe ziliambiwa zifuate Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, zikaanza kuomba leseni upya kwa Tume ya Ushirika, taarifa zikatakiwa kwa muundo mwingine. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ikaanza kazi Mei 2023, na ghafla orodha ya wanachama yenye namba za NIDA na mishahara ikawa kitu cha kuulizwa unakitunza wapi na nani anakiona.

Mabadiliko ya namna hii hayakuchagui wewe. Yanampiga kila mtu kwa siku moja. Muuzaji mwenye wateja mia anaandika rekebisho mara moja, gharama inagawanywa kwa mia. Mwenye mfumo wake peke yake analibeba lote, na tarehe ya mwisho ni ileile.

Sasa bei, maana najua mtaiuliza. Tuseme muuzaji anataka milioni 1.2 kwa mwezi. Weka VAT ya asilimia 18, kwa mwaka inakaribia milioni 17. Bodi ikiona namba hiyo inaruka: "Kwa hela hiyo si tuajiri vijana?" Haya, ajiri wawili kwa milioni 1.5 kila mmoja. Wawili, si mmoja, kwa sababu mmoja akiugua malaria mwisho wa mwezi mmekwisha. Ongeza NSSF asilimia 10 ya mwajiri, SDL (tozo ya mafunzo ya ufundi), WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), unakuwa kwenye milioni 3.4 hivi kila mwezi. Kwa mwaka umepita milioni 40. Hapo hujaweka seva, bakapu, wala umeme wa ziada. Kijana wa mjumbe hatalipwa hivyo, najua. Ndiyo sababu akipata kazi Dar ataondoka, na kuna duka moja la vifaa vya ujenzi ninalolifahamu ambalo mpaka leo neno la siri la seva analo mtu aliyehama mji.

Kuna kanuni maarufu inasema kile kinachokufanya uwe wewe sokoni kiandike mwenyewe, vingine nunua. Ni kanuni nzuri ila huwa naitilia shaka, na sababu ni M-Pesa. Ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, programu yenyewe haikuandikwa na Safaricom. Vodafone waliwapa kazi kampuni ya Uingereza, Sagentia. Kwa miaka mingi seva zilikuwa nje ya nchi, zikaja kuhamishiwa Kenya kutoka Ujerumani mwaka 2015 walipohamia mtambo mpya wa Huawei. Yaani kitu kilichoitambulisha kampuni dunia nzima kilikuwa kinaendeshwa kwa programu ya kununua. Kilichokuwa chao ni mawakala, kanuni za salio la wakala, ada, na imani ya mama muuza mboga kwamba hela itafika. Mshindani angeweza kununua programu kama ile. Mawakala wale asingewapata dukani.

Kwa hiyo SACCOS wakiniambia "mfumo ndio roho yetu", nawauliza: kweli? Roho yenu si kwamba mwalimu akiomba mkopo wa dharura Jumatatu anapata Jumatano?

Msidhani nawapigia debe wauza mifumo, kununua nako kuna shimo lake. Lidl, wale wa maduka ya vyakula Ujerumani, walianza mwaka 2011 kuweka mfumo wa kuendesha biashara wa kampuni ya SAP. Lidl walizoea kuthamini stoo kwa bei ya kununulia. Mfumo ule kwa kawaida ulihesabu kwa bei ya kuuzia. Badala ya wao kubadili uhasibu wao, wakaanza kuukata mfumo ufanane na mazoea yao. Mwaka 2018 wakauacha baada ya kutumia takriban Euro milioni 500. Halmashauri ya jiji la Birmingham nao waliwasha mfumo wa hesabu wa Oracle Aprili 2022, makadirio ya mwanzo yalikuwa Pauni milioni 19, na gharama ikaja kupita milioni 100. Sehemu iliyowatesa zaidi ni ya kulinganisha hesabu za benki, ambayo hawakuichukua ilivyo, walitaka irekebishwe kwa ajili yao.

Hawa walilipa bei ya kununua wakapata maumivu ya kujenga. Ukinunua, unayetakiwa kujikunja ni wewe. Kama bodi haiko tayari kubadili hata fomu ya mkopo, isinunue.

Shimo la pili ni muuzaji kubadilika. Facebook waliinunua Parse mwaka 2013, huduma iliyokuwa inabeba programu za simu za watu kibao. Januari 2016 wakatangaza wanaifunga, Januari 2017 ikazimwa. Angalau hao walitoa mwaka mzima na wakaachia msimbo wake (maandishi ya programu yenyewe). Broadcom walipomaliza kuinunua VMware, wenye programu ya kugawa seva moja iwe nyingi, Novemba 2023, leseni za kununua mara moja zikaacha kuuzwa, na aliyetaka kuendelea kuhudumiwa akaingizwa kwenye malipo ya mara kwa mara apende asipende. Kampuni kubwa zililalamika mpaka mahakamani. Sisi wa mkoani tungelalamikia wapi?

Msimamo wangu kwa hawa walimu ni kwamba wanunue sehemu ya hesabu, akiba na mikopo, na wajitengenezee kitu kimoja kidogo nitakachokieleza baadaye. Mwageni nondo.

---

Mzee wa Stoo

Naweka kiti hapa. Ngoja vijana wa kompyuta waje wachafuke.

---

kijana_wa_msimbo

Mkuu heshima yako, ila umetupiga chini ya mkanda. Kwa hesabu zako hakuna Mtanzania atakayewahi kuandika kitu.

Angalia Serikali. Malipo ilikuwa inatumia Epicor, ya nje. Leo ni MUSE, imeandikwa na wataalamu wa ndani. Zabuni zilikuwa TANePS, iliyotengenezwa na European Dynamics wa Ulaya. Mwaka 2023 ikaja NeST, ya hapahapa. GePG inayotoa zile kumbukumbu namba za malipo, ya hapahapa tangu 2017. Kila ukilipa maji au leseni ya udereva unapita kwenye kazi ya vijana wetu. Wangesikiliza ushauri wa "nunua" tungekuwa tunalipa leseni kwa dola mpaka kiama.

Na hiyo hadithi ya kijana kuondoka na neno la siri, tatizo ni bosi aliyemwajiri bila mkataba. Mnamlipa mtu laki tatu, hamtaki aandike maelezo ya mfumo kwa sababu "anapoteza muda", halafu akiondoka mnasema kujenga ni kubaya.

---

fundi_seva

Mkuu kijana_wa_msimbo, hoja ya neno la siri nakupa yote, umenishinda.

Kuhusu Serikali, mifano uliyotoa ni ya kweli na mimi ni shabiki wa GePG. Lakini tazama nani kajenga. Kuna Mamlaka ya Serikali Mtandao, wizara, PPRA (wasimamizi wa ununuzi wa umma), watumishi wa kudumu, na Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 nyuma yao. Mtu akistaafu kuna anayepokea. Tena sheria ya ununuzi wa umma ya Tanzania ni moja tu duniani, hakuna wa kugawana naye gharama. Ikibadilishwa, mwenye mfumo wa Ulaya inabidi aombwe, apange bei, alipwe. Hapo swali langu la nani ataubadilisha linajibiwa "sisi wenyewe", na kujenga ndiko sahihi.

SACCOS ya walimu mia kadhaa haina vitu hivyo. Inafanana na SACCOS nyingine zote kwa sehemu kubwa ya kazi: akiba, hisa, mikopo, dhamana, gawio.

Halafu hilo neno "tunajenga wenyewe" nalo tulipunguze chumvi. Mwaka 2016 jamaa mmoja aliondoa kwenye npm, hazina ya vipande vya programu ambavyo yeyote anaweza kuvichukua, kijipande chake kinachoitwa left-pad, mistari 11 tu, na programu za watu wasiomjua zikagoma kujengeka. Desemba 2021 kasoro ya Log4j, kipande cha kuandika kumbukumbu za matukio ndani ya programu, ikawaamsha usiku mainjinia wa dunia nzima, wengi wao hawakujua hata kama wanaitumia. Kijana wa mjumbe akisema ameandika mfumo, ameandika sehemu ya juu. Chini amesimama juu ya kazi za wengine ambazo nazo zinataka kuangaliwa kila mwezi. Sisemi asijenge, ila hizo saa za kuangalia aziweke kwenye bei.

---

Karani_wa_Thika

Habari zenu majirani. Mimi kazi yangu ni mishahara, niko Thika, na naomba niongezee kwa fundi_seva hapo kwa mabadiliko ya sheria, kwa sababu sisi tumeonja.

Kampuni niliyokuwa ilikuwa na programu ya mishahara iliyoandikwa na fundi wa hapa mtaani. Nzuri sana, haraka, karatasi ya mshahara inatoka na nembo yetu. Sasa hesabu nami. Februari 2023 viwango vipya vya NSSF vikaanza. Julai 2023 PAYE, kodi ya mshahara, ikaongezwa madaraja ya asilimia 32.5 na 35, na tozo ya nyumba asilimia 1.5 ikaingia. Novemba Mahakama Kuu ikasema tozo ni kinyume cha katiba. Januari 2024 Mahakama ya Rufani ikakataa kuiacha iendelee, tukaacha kukata. Machi ikarudi na sheria yake mpya. Oktoba bima ya afya ya NHIF yenye viwango vya madaraja ikaondoka, ikaingia SHIF asilimia 2.75 ya mshahara ghafi bila kikomo cha juu. Desemba sheria ya kodi tena: sasa tozo ya nyumba na SHIF zinatolewa kwanza kabla ya kupiga PAYE, kwa hivyo hata mpangilio wa hesabu ukageuka.

Fundi wetu hakuwa mvivu, maskini. Lakini alikuwa na kazi nyingine, na kila badiliko linataka majaribio, na mishahara haingoji. Kuna miezi nilikokotoa kwa mkono usiku huku simu ya mdosi inalia. Wenzangu walionunua walipata toleo jipya, wengine likiwa na makosa pia, nisidanganye, lakini makosa yalirekebishwa haraka kwa sababu kampuni nyingi zilipiga kelele pamoja.

Mishahara nunueni. Kwa mengine sina neno.

---

Dada Mhasibu

Wote mnabishana kununua na kujenga kana kwamba lazima kuwe na mfumo. Nimekagua hesabu za vikundi na biashara ndogo kwa muda mrefu. Nusu ya wanaolilia mfumo wanahitaji utaratibu. Mzigo unatoka stoo bila hati, mkopo unaidhinishwa kwa simu, risiti zinakaa kwenye droo ya katibu. Weka mfumo wa bilioni juu ya hapo, utapata uchafu uleule ila sasa uko kwenye skrini.

Na kuna gharama ambayo fundi_seva ameipita: kuhamisha salio za mwanzo. Ukiingia mfumo mpya, wa kununua au wa kujenga, lazima kila mwanachama aanze na akiba yake sahihi na deni lake sahihi. Kwenye madaftari ya walimu utakuta salio mbili za mtu mmoja, mikopo iliyolipwa nusu kwa taslimu, wanachama marehemu ambao bado wanakatwa riba. Usafi huo hakuna muuzaji atakayewafanyia. Ni wahasibu na madaftari, wiki kwa wiki, na kumwita mwanachama asaini kwamba salio ni kweli. Vikundi vingi vinafia hapa, kabla hata ya kufika kwenye ubora wa programu. Halafu lawama anapewa muuzaji.

---

Mzee wa Stoo

Dada, kuhusu stoo umenisema mimi kabisa na hatujawahi kuonana.

---

mti_mkavu

Mbona mnasahau njia ya katikati? Programu huria. Kuna Apache Fineract, ilitokana na Mifos, kazi iliyoanzia Grameen Foundation kwa ajili ya taasisi za mikopo midogo. Akiba, mikopo, riba, ratiba za marejesho, vyote vimo, leseni hulipi. Sekta ya afya imeshakwenda huko zamani. Wizara za afya Tanzania na Kenya zinakusanya takwimu kwa DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo. OpenMRS ya kumbukumbu za wagonjwa imekulia Eldoret pamoja na Taasisi ya Regenstrief ya Indiana. Msimbo uko wazi. Muuzaji akifa, unamtafuta mwingine anayeujua.

---

kijana_wa_msimbo

Hii naiunga mkono. Hapo kijana wa mjumbe anapata kazi pia.

---

fundi_seva

mti_mkavu, nakubali, na Fineract nimeiweka kwenye mapendekezo kama chaguo la pili. Sababu ya kutoiweka la kwanza ni hii: bure ni leseni tu. Inataka mtu wa kuisimika, kuipandisha toleo, kuiwekea sura ambayo karani ataielewa, na kuihudumia ikizima. DHIS2 imesimama hapa kwetu kwa sababu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina watu wanaoijua mpaka ndani. Mkoani kwetu wa Fineract simjui hata mmoja. Ila nimewapa walimu wazo moja: watafute kampuni inayouza huduma iliyojengwa juu ya programu huria. Hapo unalipa ada ya mwezi kama kawaida, lakini kampuni ikikugeuka, mlango uko.

Dada Mhasibu, asante kwa salio za mwanzo, nimezinakili neno kwa neno kwenye ripoti. Nimeongeza pia kwamba kazi hiyo ianze kabla ya kuchagua mfumo, kwa sababu madaftari yakishasafishwa yanaingia kwenye mfumo wowote.

Sasa kile kitu kidogo nilichoahidi. Mwalimu wa Serikali ana cheki namba. Kila mwezi makato ya SACCOS yanakuja kwa mkupuo pamoja na orodha: cheki namba, jina, kiasi. Kazi inayowaua karani hawa ni kulinganisha orodha hiyo na wanachama: huyu kahamishwa wilaya, huyu kiasi kimekatwa pungufu kwa sababu ana mkopo wa benki uliotangulia, huyu kastaafu, huyu jina limeandikwa kwa herufi nyingine. Kisha kugawa kila kiasi kwa utaratibu wao wenyewe: kwanza mkopo wa dharura, kisha mkopo mkubwa, kisha akiba, kinachobaki hisa. Utaratibu huo waliupitisha kwenye mkutano mkuu na wanaweza kuubadili mkutano ujao. Hakuna muuzaji atakayeuhudumia vizuri, na akikubali atawatoza kila mkutano mkuu. Hiki ndicho wajenge. Ni kijiprogramu kinachosoma faili la makato, kinatoa faili safi la kuingizwa kwenye mfumo walionunua, na orodha ya majina yaliyokwama. Kikifa, karani anarudi Excel kwa mwezi mmoja, chama hakifi. Kijana wa mjumbe namwamini kwa hicho, mkataba ukiwepo na msimbo ukiwa unakaa kwenye akaunti ya chama, si yake.

---

kijana_wa_msimbo

Sawa mkuu, hapo umenipata. Swali moja la mwisho: kwenye huo mkataba wa kununua, unaweka nini ili wasije wakashikwa mateka?

---

mti_mkavu

Hata mimi nalisubiri hilo. Wengi tuko kama mpangaji asiyejua hata notisi ni ya miezi mingapi.

---

fundi_seva

Mambo ni mengi: ada isipande bila notisi ya maandishi, taarifa za wanachama zitunzwe wapi na nani anawajibika chini ya sheria ya 2022, wakifilisika msimbo uwe umewekwa amana kwa mwanasheria. Lakini kipimo ninachokitegemea hakimo hata kwenye mkataba. Kabla ya kusaini, naomba muuzaji aingize wanachama ishirini wa majaribio na miamala yao, kisha anitolee kila kitu, chote, kwenye mafaili ninayoweza kuyafungua bila programu yake. Akaunti, miamala, wadhamini, nyaraka zilizopakiwa. Si ripoti ya PDF yenye nembo.

Tuna wauzaji wawili kwenye orodha fupi. Mmoja alituma mafaili siku ileile, nimeyafungua, wadhamini walikosekana, nimemwambia, akarudisha kamili. Wa pili alijibu kwamba huduma hiyo "ipo kwenye kifurushi cha juu". Bodi inakutana Jumamosi. Mjumbe mwenye kijana bado amenuna, ila faili la makato la mwezi uliopita ameshalipeleka nyumbani dogo alijaribu.